Kombe la Solheim, Virginia: nilimpeleka Mama kumwona Esther, basi likatunyima

Nitoe neno langu mapema. Kwa Kombe la Solheim, lile la gofu ya wanawake kati ya Marekani na Ulaya, nililohudhuria mimi Virginia, Septemba 2024, natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya wachezaji peke yao. Anayetaka kujua timu zina watu wangapi na pointi zinahesabiwaje atafute kwingine. Mimi nazungumzia basi. Nazungumzia pia mama yangu, aliyesimama kwenye lami tangu alfajiri akingoja hilo basi.

Mama anatoka Kilifi, pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi amewauzia mahamri na mbaazi makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko, wa uwanja wa gofu wa Vipingo, na kaka yangu mkubwa ni mmoja wa makedi hao. Desemba 2019, wachezaji gofu wanawake wa mashindano ya Ulaya walipokuja Vipingo kwa mara ya kwanza, Mama aliacha biashara siku ya mwisho akaingia kutazama. Siku hiyo msichana wa Kijerumani wa miaka 20, Esther Henseleit, alianza akiwa nyuma kwa mapigo 7. Akamaliza kwa mapigo 64, na kwenye gofu mapigo machache ndiyo ushindi, katikati ya mibuyu na upepo wa baharini, akachukua taji. Mama hajui Kijerumani, na hata Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini tangu siku ile Esther ni mtoto wake. Picha yake iko ukutani kwetu, karibu na kalenda ya kanisa. Esther alipopata medali ya fedha Olimpiki ya Paris, Mama alinipigia simu usiku wa manane wa huku Maryland kunipasha habari, kana kwamba mimi sina runinga.

Kwa hiyo viza ya Mama ilipotoka, na nikaona Kombe la Solheim linachezwa mwendo wa saa moja hivi kutoka kwangu, sikufikiri mara mbili. Nilinunua tiketi za Ijumaa, siku ya ufunguzi. Nilichagua Ijumaa makusudi kwa sababu ya tii ya kwanza, pale mpira wa kwanza unapopigwa. Mtu ambaye hajawahi kuona tii ya kwanza ya kombe hili hajui gofu inaweza kuwa na kelele. Kwingine utaambiwa unyamaze mchezaji akikunja mgongo. Hapa majukwaa yanaimba, watu wamejipaka bendera usoni, wachezaji wanacheza dansi wakiingia. Na orodha ilipotangazwa, mechi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Esther na Charley Hull wa Ulaya dhidi ya Nelly Korda na Allisen Corpuz wa Marekani. Mechi ya kwanza! Nilimwambia Mama, akapiga magoti palepale sebuleni.

Mpira wa kwanza ulikuwa upigwe saa moja na dakika chache asubuhi. Sisi tulifika kwenye maegesho, Bristow, bado giza. Magari hayaruhusiwi kufika uwanjani, unaacha gari huko, unapelekwa na basi. Haya, sina ugomvi na hilo, uwanja wenyewe uko kando ya ziwa na barabara zake ni nyembamba. Ila basi lazima liwepo. Tulikuta foleni ambayo mwisho wake sikuuona. Ilikunjwa ikarudi, ikakunjwa tena, maelfu ya watu, wengine wamevaa kofia zenye pembe, wengine wamebeba watoto waliolala begani. Mwanzoni watu waliimba. Walicheka, walipiga picha. Basi moja likaja, likachukua watu, likaenda. Tukangoja. Tukangoja. Likaja lingine baada ya muda ambao ungetosha kupika wali ukaiva. Nyimbo zikakatika zenyewe.

Saa moja ilipogonga tulikuwa bado hatujafika hata nusu ya foleni. Mtu mmoja mbele yetu alikuwa na simu inayoonyesha mechi moja kwa moja. Tukajazana nyuma yake kama watu wanaotazama ajali. Ndivyo mama yangu, aliyesafiri kutoka Kilifi hadi Marekani, alivyomwona Esther akianza: kwenye kioo cha simu ya mtu asiyemjua, juu ya bega la mtu mwingine. Majukwaa nyuma ya wachezaji yalikuwa na viti vitupu, vingi mno. Vile viti vilikuwa vyetu. Wenyewe tulikuwa tumesimama kwenye lami maili kadhaa kutoka pale.

Halafu yule jamaa mwenye simu akasema, "Obama yuko pale." Mama alisikia jina hilo bila mkalimani. Akaniuliza, "Obama yupi?" Nikamwambia, yuleyule. Barack Obama alikuwa pale tii ya kwanza asubuhi ile, anawasalimia wachezaji. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyetoka kwetu. Mama si Mjaluo na Kogelo, kijiji cha kina Obama, hajawahi kufika, lakini mwaka 2008 alikesha na jirani zake wakisikiliza redio, na asubuhi akagawa mahamri bure. Sasa mtu huyo amesimama mahali ambapo tiketi mkononi mwangu inasema nami nilistahili kuwa nimesimama. Mama hakusema kitu. Alikaza tu mtandio wake.

Miguu yake huvimba. Akaomba akae kidogo kwenye ukingo wa lami, hatua mbili tu kutoka foleni, mimi nimshikie nafasi. Hapo ndipo alipokuja kijana mmoja mwenye fulana ya rangi kali na redio mkononi. Hakuniuliza mimi, alimwelekea yeye. Akamwambia kwa sauti ya juu arudi kwenye mstari au aondoke kabisa, kwamba akikaa pale anahesabiwa ametoka. Nikamwambia, huyu ni mama yangu, ana umri wa kukuzaa wewe na ndugu zako wote, anapumzisha miguu. Akanijibu kwamba hiyo si shida yake. Kisha akanipa mgongo nikiwa bado naongea.

Nimeishi nchi hii muda mrefu na nimezoea mengi. Lakini sikuwahi kumwona mama yangu akinyanyuka haraka namna ile, kama mtoto aliyefokewa, akisema "samahani, samahani" kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hakuwa hata anamtazama. Maji sikuona yakigawiwa. Kiti hakuna. Mtu wa kusema basi litakuja saa ngapi hakuna. Watu wa kufoka ndio waliokuwepo. Ukiniuliza nini kilichoniuma kuliko vyote, hata kuliko Obama, hata kuliko tii ya kwanza, ni ile "samahani" ya Mama.

Tuliingia uwanjani ikikaribia saa tatu. Tukakimbia, kwa kadiri Mama anavyoweza kukimbia, kutafuta mechi ya kwanza. Tukaikuta imeshavuka katikati, na Korda na Corpuz wako mbele. Kwa mashimo kadhaa tuliifuata. Nilitaka nikasirike siku nzima lakini nikamtazama Mama. Alisimama kwenye kamba, mikono miwili kifuani, Esther akapita hatua chache mbele yetu, kimya, macho kwenye mpira. Mama akanong'ona, "Amekonda. Lakini anatembea vilevile." Machozi yakanitoka, nakiri. Esther na Hull walifungwa, wakiwa nyuma kwa mashimo 3 huku yakiwa yamesalia 2 tu ya kucheza, na Mama akapiga makofi kana kwamba wameshinda.

Waandaaji waliomba radhi hadharani, kwa kuwa habari ilikuwa imeshafika kila mahali. Nasikia Jumamosi mabasi yalikuwa tele. Nimeipokea radhi kwa upande wangu. Kwa upande wa Mama siwezi kuipokea, maana haikutamkwa kwake, na asubuhi ile hairudi. Wangesema radhi mia moja, mpira wa kwanza hupigwa mara moja tu.

Jumapili, siku ya mwisho, tulibaki nyumbani, miguu yake juu ya mto, tukatazama kwenye runinga. Na hapa ndipo ile nyota moja inaponisumbua. Marekani waliamka na pointi 10 kwa 6, kila mtu akadhani kazi imeisha. Charley Hull, aliyefungwa mbele ya macho yetu Ijumaa, akamgeuzia kibao Nelly Korda, namba moja wa dunia wakati ule, akammaliza kwa mashimo 6 yakiwa yamebaki 4. Mama aliruka, miguu na uvimbe wake. Upande wa pili Rose Zhang wa Marekani akamfunga Carlota Ciganda wa Ulaya vivyo hivyo, 6 yakiwa yamebaki 4, akamaliza wikendi bila kupoteza mechi. Mchana kutwa Ulaya wanasogea, wanasogea, sebule yangu haina hewa, mpaka Lilia Vu wa Marekani kwenye shimo la 18 akapiga mpira ukatua karibu kabisa na shimo, akatoka sare, ikapatikana ile nusu pointi ya kulirudisha kombe Marekani, mara ya kwanza tangu 2017. Mwisho 15½ kwa 12½. Sijawahi kuona mchezo mzuri kama ule, na nasema hivyo mimi niliyekulia kwenye mpira wa miguu. Wanawake wale wanalipwa heshima ndogo mno kwa kazi wanayofanya. Walistahili majukwaa yaliyojaa tangu pigo la kwanza, na watu wa kuyajaza walikuwepo, walikuwa wamelipa, walikuwa wamefika.

Kwa hiyo nafuta nilichoandika juu. Mchezo ni nyota tano, usafiri hauna hata nusu, na niliyemtia hofu ya kwenda namwambia sasa aende, ila alale karibu, afike usiku kama inabidi, na kama ana mzee aulize kwanza mzee atakaa wapi. Yule kijana wa fulana sijamsamehe.

Mama amerudi Kilifi. Mara inayofuata ni 2026, Uholanzi, na ameshaniuliza mara tatu kama Uholanzi ni mbali na kama Esther atakuwepo. Nina binamu anayeishi Rotterdam. Nimeshampigia simu kumwuliza kama gari lake ni zima, maana mama yangu simpandishi basi la mtu tena.