Laptopu ilizima ghafla: kwa nini niliitengeneza badala ya kununua nyingine

Laptopu yangu ilizima nikiwa katikati ya kazi na haikuwaka tena. Taa ya chaja kimya, feni kimya. Ilikuwa na miaka 5, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni mafaili, maana nakala ya mwisho niliitoa miezi mingi nyuma.

Fundi wa kwanza alibonyeza kitufe mara mbili akaniambia, "Bodi imekufa hiyo, tafuta nyingine." Hata skrubu moja hakufungua. Hilo liliniudhi, kwa sababu mtu anaweza kutupa mashine nzima kwa neno kama hilo.

Nyumbani nilichomoa chaja, nikakandamiza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikajaribu tena. Wapi. Nikapima chaja kwa mita: volti 19.5, sawasawa na ilivyoandikwa mgongoni mwake. Basi chaja ilikuwa nzima, tatizo liko ndani.

Fundi wa pili alifungua mbele ya macho yangu. Kwanza alichomoa SSD, yaani diski inayohifadhi mafaili, akaiunganisha na kompyuta nyingine kwa USB, na mafaili yangu yote yalikuwepo. Nilishusha pumzi. Kuanzia hapo niliweza kufikiria gharama bila hofu. (Mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi hazina nafuu hiyo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, uwe na ufunguo wake.)

Kisha akapima njia ya umeme wa chaja, akakuta shoti. Alipopitisha umeme mdogo, kapasita moja (kijipande cha bodi kinachotunza umeme kidogo) ndogo kuliko punje ya mchele ikapata joto kali, ishara kwamba shoti ilikuwa hapo. Akaing'oa, akaweka nyingine, taa ikawaka.

Kabla ya kumruhusu nilikuwa nimeshajiwekea mpaka: gharama ikivuka nusu ya bei ya mashine nyingine yenye uwezo uleule, naacha. Haikukaribia. Ningeacha pia kama ingekuwa imemwagikiwa maji, kwa sababu kutu hutambaa polepole na leo ukitengeneza hapa, kesho inaharibika pale. Niliangalia na prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Yangu inakubalika. Kama isingekubalika, nisingeweka pesa kwenye bodi ile hata kidogo.

Wengine walinishauri ninunue iliyotumika. Lakini hiyo nayo inakuja na ubovu wake nisioujua, ilhali huu wangu nimeuona kwa macho.

Huu ni mwezi wa 4 inafanya kazi kila siku. Lalamiko langu ni moja tu kwa fundi huyu: dhamana alinipa kwa mdomo, na nilipoomba maandishi alisema nisiwe na wasiwasi. Ningependa karatasi.