Uzoefu wangu: rodi, waya na injini tatu kwenye baipleni moja

Baipleni (ndege ya mabawa mawili, moja juu ya lingine) niliyojaribia vitu hivi ni ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio. Ina bawa la juu la mita 1.4, eleroni nne (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoinamisha ndege upande), pua fupi yenye boneti ya duara ya kipenyo cha sentimita 17, na uzito wa kilo 3.8 ikiwa tayari kuruka. Imebeba injini tatu kwa zamu: tustroki (ya mipigo miwili) ya cc 9, fostroki (ya mipigo minne) ya cc 15 na injini ya petroli ya cc 20. Rodi nazo, yaani fito zinazosukuma eleroni na vipande vya mkia, nimebadilisha kila aina: plastiki ndani ya plastiki, waya wa chuma wa milimita 2, bomba la kaboni, na waya laini wa kuvuta pande zote mbili. Iliyobaki kwenye ndege ni fostroki, kaboni kwa eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua), waya wa kuvuta kwa usukani wa mkia, na boljointi (tufe linalocheza ndani ya kikombe) kwenye rodi zinazounganisha eleroni za chini na za juu.

Nianze na eleroni, maana ndizo zinazoitofautisha baipleni na ndege ya bawa moja. Sevo, mota ndogo inayotii redio, imekaa kwenye bawa la chini na inasukuma eleroni ya chini. Kutoka pale, rodi ya pili inapanda hadi eleroni ya juu. Kwa hiyo kati ya sevo na eleroni ya juu kuna viungo vinne, wakati ndege ya kawaida ina viwili. Klevisi (kibanio cha ncha ya rodi) ya plastiki iliyoingia kwenye pembe (mkono mdogo uliosimama kwenye eleroni, ambao rodi inausukuma) yenye tundu lililopanuka kidogo inacheza kama milimita 0.15. Viungo vinne hivyo vinajumlisha milimita 0.6. Pembe ikiwa na urefu wa milimita 18 na eleroni ikiwa na upana wa milimita 50, ukingo wa nyuma wa eleroni ya juu utacheza karibu milimita 1.7 bila sevo kusogea hata kidogo. Hapo ndipo flata, mtetemo mkali wa eleroni angani, inapoanzia. Ukiinamisha pua kwa throto kamili (injini ikiwa imefunguliwa mafuta yote) utasikia mngurumo kama wa nyuki mkubwa, na bawaba zinaweza kung'oka ndani ya sekunde chache. Ukiusikia, punguza throto papo hapo na uinue pua taratibu, kisha utue.

Ninavyopima: washa redio ili sevo ishike, kisha sukuma ukingo wa nyuma wa eleroni ya juu kwa kidole, juu na chini. Ukicheza zaidi ya milimita 1, sirushi. Boljointi za M2 (nyuzi za skrubu za kipenyo cha milimita 2) zenye kikombe cha nailoni ndizo zilizonipa matokeo mazuri kwenye rodi ya kupanda. Uchezaji ulishuka hadi chini ya nusu milimita, na tofauti unaihisi mara moja ndege inapotakiwa kubaki imejiinamisha kwenye kona. Funga tufe kwenye pembe kwa bolti inayopita hadi ng'ambo na nati yenye nailoni ndani. Usitegemee skrubu iliyouma plastiki peke yake. Rodi yenyewe nimeifanya ya bomba la kaboni la milimita 4, kwa sababu waya wa chuma wa milimita 2 wenye urefu wa sentimita 20 na zaidi unapinda kidogo kila unaposukumwa, na mpindo huo nao ni ulegevu.

Jambo linalokosewa sana hapo ni umbo. Bawaba ya chini, bawaba ya juu na matufe mawili lazima yafanye msambamba: pembe zote mbili ziwe na urefu sawa kutoka kwenye bawaba, na rodi iwe sambamba na mstari unaounganisha bawaba hizo. Baipleni nyingi zina bawa la juu lililosogezwa mbele, hivyo rodi inalala kwa mshazari, na hiyo haina ubaya mradi pembe zote zielekee upande mmoja kwa kiasi kilekile. Pembe moja ikiwa ndefu au imesimama tofauti, eleroni za juu zitapanda digrii 20 wakati za chini ziko 15, na ndege itapinda pua kila unapoinamisha bawa. Urefu wa rodi urekebishe kwa kuzungusha kikombe: duara moja la nyuzi za M2 ni milimita 0.4, nusu duara ni 0.2, na hiyo inatosha kulinganisha kingo.

Sevo moja hapa inabeba eleroni mbili, kwa hiyo ile ya kilo 3 kwa sentimita iliyotosha kwenye ndege ya mafunzo haifai. Natumia ya kilo 5 yenye gia za chuma. Mkono wa sevo nauweka kwenye tundu la milimita 12, na pembe ya eleroni kwenye tundu la 18. Sevo ikizunguka digrii 45 eleroni inakwenda kama digrii 28, ambazo zinatosha hata kwa sarakasi, na kila ulegevu unapunguzwa kwa uwiano huohuo. Mtu anayechukua tundu la nje la mkono na kisha kupunguza mwendo kwenye redio hadi asilimia 60 anatupa nguvu ya sevo na usahihi wake kwa pamoja. Na zile bushi ndogo za shaba kwenye masikio ya sevo: kichwa chake kipana kikae chini, upande wa mbao. Zikigeuzwa, ukingo mwembamba unazama kwenye mbao na sevo inaanza kulegea baada ya siku chache.

Kwa eleveta, rodi za plastiki ndani ya plastiki sizipendekezi kwa injini ya ukubwa huu. Ni nyepesi, zinapita kwenye kona bila taabu, na kuzifunga ni rahisi, hilo nakiri. Lakini nailoni inatanuka kwa joto. Rodi ya sentimita 70 ikipata joto la digrii 20 zaidi inaongezeka zaidi ya milimita 1, na kwa pembe ya milimita 18 hiyo ni digrii 3 na ushee za eleveta. Ndege uliyoitrimu (kuirekebisha iruke sawa bila kushika fimbo ya redio) asubuhi inainua au kushusha pua mchana, na ukirekebisha trimu hiyo, jioni imegeuka tena. Kaboni haibadiliki kwa kiasi unachoweza kukiona.

Bomba ninalotumia ni la milimita 6 nje na 4 ndani. Kila mwisho naingiza waya wa M2 wenye nyuzi kwa milimita 25. Ncha ya ndani naikunja kwa digrii 90, milimita 4 tu, na kuipitisha kwenye tundu nililotoboa ubavuni mwa bomba. Kisha naizungushia uzi wa pamba mara kumi na tano hivi na kuulowesha kwa epoksi ya saa 24. Epoksi ya dakika 5 inakuwa laini ndani ya bodi iliyoachwa juani, na rodi ikichomoka hakuna eleveta tena. Kaboni ipige msasa kwanza, kwa kuwa uso wake unaong'aa haushiki gundi. Klevisi ya chuma iingie angalau duara kumi, ifungwe kwa nati ya M2 nyuma yake, halafu ivalishwe kipande cha mpira wa bomba la mafuta cha milimita 5 ili taya zisifunguke. Upande wa sevo napendelea mkunjo wa Z kwenye waya: hauna cha kufunguka.

Usukani ni mahali pekee ninapotumia waya wa kuvuta, na hapo unashinda kila kitu kwa uzito. Waya wa nyuzi za chuma uliofunikwa nailoni, wa milimita 0.8, unatosha. Pitisha ncha kwenye kibomba cha shaba, izungushe kwenye tundu la klevisi, irudishe kibombani, kisha ipitishe mara ya tatu kabla ya kubana kwa koleo. Mara mbili tu hazitoshi, huteleza kidogo kidogo. Nafasi kati ya matundu ya mkono wa sevo iwe sawa na nafasi kati ya matundu ya pembe, na matundu ya pembe yakae juu ya mstari wa bawaba kabisa. Yakiwa nyuma ya mstari huo, waya mmoja unakaza na mwingine unalegea kila usukani unapogeuka. Kaza waya mpaka ulegevu uishe, basi. Ukiukaza ulie kama gitaa unaibebesha beringi ya sevo mzigo wa kudumu. Gurudumu la mkia liunganishe na usukani kwa springi mbili, maana kila jiwe linalogongwa likiunganishwa moja kwa moja linaishia kwenye gia za sevo.

Rodi ya throto: plastiki hapa inafaa, kwa kuwa mabadiliko ya milimita moja hayadhuru na plastiki inameza mtetemo. Waya wa milimita 0.8 ndani ya bomba la nailoni, klevisi ya plastiki upande wa kabureta. Klevisi ya chuma juu ya mkono wa kabureta wa chuma inalifanya tundu kuwa la yai. Kwa injini ya petroli klevisi hiyo ya plastiki ni lazima kwa sababu nyingine pia: rodi ya chuma inayogusa kabureta moja kwa moja inabeba kelele za umeme wa plagi hadi kwenye sevo.

Sasa injini. Tustroki ya cc 9 pamoja na ekzosi yake ni kama gramu 500. Kwenye pua fupi ilinilazimu kufunga uzito wa madini ya risasi wa gramu 150 nyuma ya boneti ili kitovu cha uzito kikae pake. Hasara kubwa zaidi ni propela. Inazungusha propela ya 12x6 (kipenyo inchi 12, hatua inchi 6) kwa mizunguko karibu 12,000 kwa dakika, kasi ya hatua ya propela (mwendo ambao ingepiga kama ingejikita hewani kama skrubu) ikiwa kama kilomita 110 kwa saa, na baipleni yenye waya, mihimili na boneti pana haifiki huko. Boneti ya sentimita 17 inaziba asilimia 31 ya duara la propela ya inchi 12. Kwa inchi 15 inaziba asilimia 20 tu. Nguvu ipo, ila inapiga boneti.

Fostroki ya cc 15, ya aina ya O.S. FS-91, ina uzito wa gramu 640 hivi bila ekzosi, na ekzosi yake ni ndogo. Risasi yote niliitoa. Inazungusha 15x6 kwa karibu 9,000, kasi ya hatua kama kilomita 82 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya ndege yenyewe. Inapanda kwa upole, sauti yake ni nzito, na inakaa chini ya 2,500 bila kuzima. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko nguvu, kwa kuwa baipleni inatua na throto. Ukifunga mafuta kabisa propela kubwa inageuka breki na ndege inaanguka mita za mwisho. Tangi la ml 350 linatoa dakika 12 na akiba.

Inataka malezi, na malezi hayo yafuatwe. Nafasi ya valvu iwe milimita 0.04 hadi 0.10, ipimwe injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mbano. Mafuta yawe na oili asilimia 18 hadi 20. Usiikaushe sindano (usifunge mno skrubu inayopima mafuta): fostroki iliyokosa mafuta inagonga, inarudi nyuma kwa ghafla na kuitupa propela, kwa hiyo nati ya pili ya kufungia isiachwe kwenye sanduku. Ukiifunga kichwa chini, kama boneti nyingi zinavyodai, mstari wa katikati wa tangi uwe sawa na sindano au chini yake kwa milimita zisizozidi 10. Kabla ya kutumia stata, izungushe propela kwa mkono polepole mara kadhaa. Mafuta yaliyotuama kichwani hayabanwi, na stata itapindisha konrodi. Siku ikiisha, maliza mafuta yote injini ikiwaka, tia matone kumi ya oili kwenye bomba la kupumulia na uizungushe, maana methanoli iliyo kwenye mafuta inavuta unyevu na beringi ndiyo inayooza kwanza.

Petroli ya cc 20 ni nafuu kwa mafuta na haichafui ndege, lakini injini, ekzosi, kisanduku cha moto (kinachotoa umeme wa plagi) na betri yake vinakaribia gramu 950. Kwa ndege ya kilo 5 ningeichagua bila kusita. Kwa hii, pua ilizidi na nilisogeza betri ya risiva (kipokezi cha redio) hadi karibu na mkia. Kisanduku cha moto kikae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye risiva, kwa betri yake na swichi yake. Kuna pia tatizo ambalo watu wanalaumu sindano bure: kabureta ya kiwambo inapima shinikizo la hewa kupitia tundu dogo kwenye kifuniko chake. Ndani ya boneti iliyobana, hewa ya kasi inabadilisha shinikizo hilo, injini inakwenda vizuri chini na kukohoa angani. Lehemu kibomba cha shaba juu ya tundu hilo na uelekeze mpira wake ndani ya bodi, mahali hewa imetulia.

Boneti, kwa injini yoyote kati ya hizi, iwe na njia ya kutokea hewa mara mbili hadi tatu ya njia ya kuingilia. Nilikata chini, nyuma ya kichwa cha injini, na kuziba kwa balsa nafasi zote za mbele ambazo hewa inapita bila kugusa mapezi ya silinda. Baada ya kila ndege kumi nafungua boneti, nakaza bolti za M4 za kiti cha injini, navuta kila boljointi kwa kidole, na kikombe kinachotoka kwa urahisi nakibadilisha siku hiyohiyo.