Unga wa seli shina kwa kidonda cha sukari: haufiki mguuni

Pakiti za unga wa "seli shina za tufaa" zinazouzwa mkono kwa mkono Mbeya, kwa ahadi ya kufungua mishipa na kukausha vidonda vya sukari, hazistahili hela ya mgonjwa. Maelekezo yake: mimina pakiti chini ya ulimi, subiri iyeyuke, meza.

Mwilini, seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kweli hufanya kazi hiyo. Nyama ikikosa oksijeni hutoa protini za VEGF na SDF-1, nazo huita seli tangulizi, aina ya seli shina zinazosaidia kujenga mishipa, kutoka kwenye uboho wa mifupa. Seli hizo husafiri na damu na kunata penye upungufu. Mtafiti Takayuki Asahara na wenzake walipozieleza mwaka 1997, ilidhaniwa zote zinageuka kuwa ukuta wa mshipa. Baadaye ikaonekana nyingi hukaa pembeni zikimwaga vichocheo, na seli za mshipa wa jirani ndizo zinazogawanyika na kuchipusha vimishipa vipya.

Seli ya tufaa haiwezi kuitika wito huo, maana haina vipokezi, yaani sehemu za seli za kupokea protini hizo. Ikikaushwa na kusagwa imekufa. Chini ya ulimi hupenya chembe ndogo sana, si seli nzima. Inayomezwa humeng'enywa kama tufaa lolote la Njombe.

Hata seli hai za uboho wa mgonjwa mwenyewe zimeshindwa. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa 2015 lenye wagonjwa 160, zilipitishwa mara 3 kwenye mshipa wa paja, na waliokatwa miguu hawakupungua kuliko waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na seli hizo.

Sukari ikikaa juu, uboho huachia seli chache, tena dhaifu. Kwa hiyo hela iende kwenye dawa za sukari na viatu visivyobana kidonda, na sigara iachwe. Omba upimwe presha ya kifundo cha mguu, igawanywe kwa ya mkono: chini ya 0.9 mshipa umebana. Zaidi ya 1.4 mshipa umekakamaa na kipimo hakiaminiki, hivyo mishipa ipimwe kwa njia nyingine. Kidonda kikinuka au kidole kikigeuka cheusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na baridi hii ya Uyole na Makete, mguu uliokufa ganzi usiusogeze kwenye jiko la mkaa. Unaungua bila mwenyewe kuhisi. Vaa soksi nene.