Kituo cha kusafishia damu: usafi wa kuridhisha, saa zisizotimia

Kwa miezi minane sasa nampeleka mama yangu, ambaye figo zake zimeshindwa kazi, kusafishwa damu kwa mashine katika kituo kimoja cha binafsi hapa Mjini Unguja, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Vyumba ni safi, na wauguzi humwamkia kama mzazi wao. Kinachonisikitisha ni kwamba siku wagonjwa wanapokuwa wengi, muda wake hupunguzwa kwa nusu saa, na jioni yake miguu humvimba, kwa kuwa maji ambayo mashine ilipaswa kuyatoa yamebaki mwilini.

Umiliki wa kituo si jambo dogo. Nchini Marekani, ambako wagonjwa wengi huhudumiwa na kampuni mbili za kibiashara, DaVita na Fresenius, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba hatari ya kufariki katika vituo vya faida ilizidi ile ya vituo visivyo vya faida kwa takriban asilimia 8. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchache wa wauguzi na ufupi wa muda wa kusafishwa.

Kabla hujalipa, basi, uliza muuguzi mmoja anasimamia mashine ngapi, na kama saa alizoandika daktari hutimizwa.