Chokaa ya Manda na fundi wa Lamu: rivyu ya watu waliolipa kwa mfuko wao

Naanza na nyota ili mwenye haraka aende zake. Chokaa ya kuzamishwa shimoni naipa nne na nusu, fundi aliyetupigia plasta nampa tano zote, boriti tatu, na ile chokaa ya mfuko tuliyouziwa na duka moja la hardwea (silitaji jina) siipi hata nusu. Wewe mwenye nyumba ya mawe ya zamani, iwe Lamu, Mombasa Mji wa Kale, Unguja au popote pwani hii, kaa hapa kidogo maana pesa utakayookoa ni yako.

Nyumba yenyewe ni ya upande wa mume wangu, nyanya yake ndiye wa mwisho kukaa pale. Iko ndani ndani ya mtaa Lamu, kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Nyanya alipofariki ikafungwa, warithi wakawa wanaizungumzia tu kila Idd, mwisho sisi wawili tukanunua mafungu ya wengine tukasema tutaitengeneza pole pole kadiri hela inavyoingia. Ni nyumba ya mpango wa Kiamu hasa, unaingia daka (ukumbi wa mlangoni), unapita tekani (kiingilio cha ndani), unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, halafu msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu, vimefuatana, na ndani kabisa kuna zidaka, vishubaka vya ukutani vya plasta ya kuchonga, ambazo mume wangu alikatazwa kuzigusa utoto wake wote. Vyumba virefu lakini vyembamba. Wageni huuliza kwa nini, jibu ni boriti: mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu una urefu wake, kwa hivyo chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana, utake usitake. Nyuma kuna ua, gofu la jiko, kisima, birika lililogeuzwa jaa la takataka na muarubaini uliojiotea kwenye ukuta kama umelipa kodi.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa kiwandani. Miaka ya tisini ami yake mume wangu, kwa nia njema kabisa, alipiga simiti ukuta mzima wa chini. Si yeye peke yake, wakati ule kila aliyepata senti alipiga simiti, ndiyo ilikuwa maendeleo. Sasa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya maji kutoka chini, hilo halina dawa, ndivyo ulivyo, lakini zamani yale maji yalipanda kidogo yakatoka nje kupitia plasta ya chokaa yakakauka na upepo. Ukiziba kwa simiti maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta inaisukuma. Tulipoigonga ililia tupu. Fundi akaingiza patasi, kikabanduka kipande kikubwa kama mlango, nyuma yake ukuta umelowa na udongo wa kati ya mawe unamwagika mkononi. Na rangi ya mafuta ilikuwa juu yake tena. Yaani nyumba ilikuwa imevalishwa koti la mvua kwa ndani.

Huyu fundi ni mzee wa palepale, alifundishwa na babake. Siku ya kwanza alizunguka nyumba nzima hajasema neno, anapapasa kuta tu, mume wangu akamuuliza, "Mzee, tuagize mifuko mingapi ya simiti?" Akamwangalia. "Mwanangu, ukileta simiti mimi naondoka nayo siku hiyo hiyo, na punda utamlipa wewe." Tukacheka lakini yeye hakucheka.

Basi kuhusu chokaa yenyewe. Nzuri inatoka Manda, kisiwa jirani na Lamu, kule Maweni wanakochimba mawe ya matumbawe ya kale (ya nchi kavu, si ya baharini yaliyo hai). Mawe yanapangwa juu ya rundo la kuni yanachomwa mpaka yanakuwa mepesi ajabu, ndiyo chokaa mbichi hiyo. Ikikutana na maji inachemka kweli kweli, inatoa moshi na kurusha matone, na tone likiingia jichoni si mchezo, kwa hivyo watoto wakae mbali na kila anayekoroga avae miwani na glavu hata kama fundi atawacheka. Ikishapoa inakuwa kama uji mzito, inazamishwa kwenye shimo inafunikwa na maji juu ili isipate hewa, inakaa. Na hapa ndipo nusu nyota ilipopotea: inakaa MIEZI. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Kama unategemea kuhamia kabla ya Ramadhani ijayo na hujachimba shimo, pole, agiza sasa.

Tukiwa tunasubiri ndipo tukaona twende njia ya mkato kwa ukuta mdogo wa uani, tukaulizia hardwea, jamaa akatuuzia chokaa ya mfuko akaapa ndiyo ile ile, imesagwa tu, changanya na maji upige leo leo. Mifuko ilikuwa imekaa dukani mpaka mingine imeshaganda pembeni, na chokaa ya unga ikishaingiwa na hewa muda mrefu inakuwa imerudi kuwa jiwe la unga, haishiki kitu. Fundi aliichukua kiganjani akaisugua akasema hii hata kuchora mistari ya uwanja wa mpira haifai. Tuliirudisha, tukaambiwa mali ikitoka dukani hairudi, na risiti ilikuwa imeandikwa "vifaa" tu. Ndiyo maana nasema siipi hata nusu. Chokaa ya mfuko iliyo mpya na iliyofungwa vizuri ina kazi zake, sikatai, lakini uliza imefika lini na ufungue mfuko palepale kabla hujatoa pesa.

Mchanga nao una mambo. Wa ufukweni hapana, una chumvi, utarudisha ugonjwa ule ule uliokuwa unautoa. Na ule wa matuta ya Shela usiuguse kabisa, si suala la plasta, yale matuta ndiyo yanayoshika maji matamu ya Lamu. Fundi alitumia mchanga wa kuchimba, mkali mkali, ukaoshwa. Mseto ni chokaa moja kwa mchanga tatu hivi kwa tabaka za chini, ya mwisho inakuwa laini zaidi na chokaa inaongezwa.

Kazi ya kupiga plasta sasa, hapa ndipo nyota tano za mzee zilipotoka. Kwanza alitoa simiti yote kwa patasi na nyundo ndogo, hakuna mashine, halafu akauacha ukuta uchi ukauke wakati wa kaskazi, anaupiga brashi kila mara kutoa chumvi inayochomoza. Mimi nikaona kama hafanyi kitu. Masika ikapita, ndipo akaanza, kwenye ule ubaridi wa kusi, tabaka nyembamba, anasubiri, nyingine, anasubiri, na kila tabaka magunia yaliyoloweshwa yanatundikwa mbele ukuta usipigwe na jua. Chokaa haikauki kama nguo, inavuta ile hewa ya ukaa kidogo kidogo mpaka inageuka jiwe tena, ukiikausha haraka inapasuka na kutoa unga. Kuna vijana wake wawili, kazi ya mmoja karibu kutwa ilikuwa kunyunyizia maji magunia, na mzee akipita anabonyeza kwa kidole gumba anaguna. Akikuta ufa mdogo kama unywele anaupiga tena kwa mwiko wa mbao kabla haujakomaa. Kwenye zidaka aligusa vipande vitatu tu vilivyokuwa vinaanguka, vingine akavisafisha kwa brashi ya meno, akasema mwenye mkono ule hayupo tena na yeye hataki kumsahihisha.

Ukuta umeshapita masika nyingine sasa. Unalowa chini, unakauka wenyewe, harufu ya uvundo imekwisha, na mchana ukiingia kutoka nje unasikia ubaridi bila feni.

Boriti kwa nini tatu? Si kosa la mti wenyewe, mkoko ni mgumu na mchwa hawaupendi, zilizooza ni zile tu ambazo ncha zake zilikuwa ndani ya ule ukuta uliolowa. Shida ni kuzipata. Mikoko ni msitu wa serikali, muuzaji lazima awe na kibali cha KFS (shirika la misitu la Kenya), ukiona bei ya chini sana jiulize. Na uagize kwa jina la saizi, maana kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake, ukisema tu "niletee miti ya dari" utaletewa mazio na utalipa usafiri mara mbili. Mzigo wetu wa kwanza ulikuja umepinda na mingine mibichi. Jambo la kusema kwa herufi kubwa: USITOE BORITI KABLA YA KUEGEMEZA DARI. Dari hizi juu zina mawe na chokaa, uzito wake si wa kawaida. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani kule Unguja, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati na watu wawili wakafariki. Mzee alisimamisha nguzo kila hatua na hakutoa zaidi ya boriti moja kwa wakati.

Karatasi: Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla ya kubomoa hata ukuta wa choo pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa pale pale mjini. Sisi tulipewa ushauri wa maana na hatukulipishwa maneno.

Uani tulifanya wenyewe, mimi na mume wangu, wikendi na likizo, na hapa tuligombana kuliko kwingine kote. Yeye alitaka saruji chini pafagilike, mimi nikataka udongo na miti. Tukakubaliana njia ya mawe bapa yaliyolazwa kwa chokaa, na kando kando udongo, kuna mkomamanga, mlimau, asumini kwenye ukuta na mrehani kwenye debe. Muarubaini tulikata shina ila mizizi iliyoingia ukutani mzee akatuzuia kuivuta, ingekuja na mawe, akaikata karibu na ukuta akaziba. Birika tumelisafisha likapigwa chokaa upya, na tumetia samaki wadogo kama zamani, ili wale viluwiluwi vya mbu. Wanafanya kazi. Kisima maji yake ya chumvi, ya kumwagia njia tu.

Bei sitaandika maana ilibadilika mzigo kwa mzigo, ila jueni pesa inakoenda: vifaa ni sehemu ndogo. Inayokula ni mashua kutoka Manda, punda na shogi zake (makapu ya mizigo) kutoka gatini hadi mlangoni, na siku za mafundi, ambazo ni nyingi kwa sababu ya kule kusubiri. Usikubali kulipa kwa hesabu ya siku, wala kwa kazi nzima. Tulilipa kwa ukuta, ukuta ukikamilika na magunia yakitolewa tunaukagua pamoja ndipo tunalipa, na mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza. Na tenga kidogo ya kila mwaka, chokaa ya kupaka nje haidumu kama rangi ya kopo, kila baada ya masika moja au mbili unapaka tena. Mume wangu ameshajifunza, ya mwaka huu kapaka mwenyewe, mzee kaja kukagua, kabonyeza kwa kidole gumba, kaguna, kanywa kahawa kaondoka.