Mbolea ya chenga 12-6-18 kwa mlozi: misimu mitatu nayo

Nina milozi miwili nyuma ya nyumba. Ni miwili kwa makusudi, maana aina nyingi za mlozi hazijichavushi zenyewe. Zinataka jirani wa aina nyingine anayechanua wakati uleule, na nyuki wa kupeleka chavua huku na huku. Nazungumzia mlozi wenyewe, ule wa ukoo mmoja na mpichi, unaopukutisha majani wakati wa baridi na kutoa maua kabla ya majani. Sizungumzii mkungu, ule mti wa majani mapana ambao watu wengi huuita mlozi pia. Ukiwa na mkungu, hesabu zangu hazikuhusu.

Mbolea yenyewe inakuja kwenye mfuko wa kilo 10, chenga za kijivu zinazotoshana na punje za mtama, zimeandikwa kwamba ni za miti ya matunda. Nimeitumia misimu mitatu mfululizo kwenye miti yote miwili, tangu ikiwa na mwaka mmoja ardhini. Ninaipenda. Maelekezo ya mfukoni siyafuati hata moja, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu mtu akiyafuata kama yalivyo anaweza kuua mti kisha akailaumu mbolea.

Kilichonifanya niichague ni zile namba tatu, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo. Mwaka wa kwanza nilitumia mbolea ya 17-17-17, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo nyumbani. Majani yalianza kukauka kwenye ncha, kahawia kavu inayovunjika ukiigusa, huku katikati ya jani kukiwa kijani kama kawaida. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Kumbe mfuko ule ulikuwa na potasiamu ya kloridi, na mlozi hauvumilii kloridi nyingi kwenye mizizi. Chumvi hiyo hupanda na maji, ikafika mwisho wa jani, ikabaki hapohapo ikiunguza. Mbolea hii ya sasa imeandikwa wazi kuwa potasiamu yake ni ya salfeti. Msimu wa kwanza wa kuitumia, majani mapya yalitoka na ncha nzima. Kwangu hilo pekee lilitosha kuipa alama.

Uwiano wenyewe nao unalingana na mti huu kuliko mbolea nyingine nilizoziona. Kila kilo 1,000 za kiini cha lozi zinapovunwa, mazao yote kwa pamoja, yaani kiini, ganda gumu na ganda la nje, huondoka na takriban kilo 68 za naitrojeni, kilo 8 za fosforasi na kilo 80 za potasiamu. Ukiangalia haraka utadhani unahitaji potasiamu sawa na naitrojeni, au zaidi kidogo tu. Lakini namba ya tatu mfukoni haihesabu potasiamu tupu, inahesabu oksidi yake, na katika oksidi hiyo potasiamu ni asilimia 83. Kilo 80 zinakuwa kama kilo 96 kwa lugha ya mfuko. Weka 68 kwa 96, punguza hadi upande wa naitrojeni uwe 12, unapata 17. Mfuko unasema 18. Fosforasi ya 6 imezidi mahitaji, lakini si kwa kiasi cha kunikosesha usingizi. Ile ya 17-17-17 ilikuwa inamwaga fosforasi ambayo mti haukuiomba.

Sasa malalamiko yangu.

Mfuko unasema gramu 500 kwa kila mti, mara tatu kwa mwaka. Mti upi? Wa mwaka mmoja au wa miaka kumi? Gramu 500 zenye asilimia 12 ni gramu 60 za naitrojeni kwa mpigo. Kwa mti uliopandwa karibuni, ninafuata kanuni ya kutozidisha gramu 28 za naitrojeni kwa mara moja, kwa hiyo nilipima gramu 230. Nilitumia mizani ya jikoni na kikombe kimoja, nikatia alama ya wino pale chenga zilipofikia, na tangu siku hiyo sipimi tena, najaza hadi kwenye alama. Msimu wa kwanza nilimpa kila mti vikombe vitatu, kimoja kila baada ya wiki tano. Msimu huu miti imekuwa mikubwa, nimefika gramu 400 mara nne.

Kisha wanasema “mwaga kuzunguka shina”. Tafadhali usimwage hapo. Mizizi inayonyonya haipo shinani, na chenga zikigusa gome la mti mchanga zinaliunguza. Mimi huacha angalau sentimita 45 kutoka shinani, kisha natawanya kwa mkono hadi pale kivuli cha matawi kinapoishia saa sita mchana, na kupita hapo kidogo. Natawanya kama mtu anayelisha kuku, bila kurundika. Halafu namwagilia palepale, kwa sababu sehemu ya naitrojeni iliyomo ni yurea, na yurea ikikaa juu ya udongo wenye unyevu bila kuzamishwa hugeuka amonia na kupotelea hewani. Maji yawe ya kuizamisha tu. Ukifurika, unaisukuma chini ya mizizi na unakuwa umelisha ardhi ya chini bure.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni maneno “hulisha polepole kwa miezi mitatu”. Nilitaka kuyaamini. Nilitia chenga ishirini kwenye glasi ya maji jioni, nikaiweka dirishani. Asubuhi hapakuwa na chenga hata moja, bali maji ya kijivu na tope jepesi chini, ambalo nililivuruga kwa kijiko likasambaa lote. Mbolea nyingi za kutoka polepole kweli zina gamba, na chenga zake zingebaki na umbo lake. Hii ni mbolea ya kawaida inayoyeyuka upesi. Si mbolea mbaya kwa sababu hiyo, ila inabadilisha namna ya kuitumia: lazima uigawanye kidogo kidogo. Anayeiweka yote mara moja kwa kuamini maandishi yale atauzidishia mti leo na kuuacha na njaa baadaye.

Wakati nao mfuko umekosea. Unaelekeza mlisho wa kwanza uwekwe mti ukiwa umelala bila majani, na wa mwisho majani yakianza kupukutika. Mlozi unapochanua unakula akiba yake yenyewe iliyo kwenye mbao na mizizi. Naitrojeni unayoweka ardhini kabla ya majani inasubiri mvua iisombe. Mimi huanza majani yakishafunguka na kuwa na ukubwa wa kidole gumba, na ninaendelea kipindi chote ambacho tunda linakua na kiini kinajaza, maana hapo ndipo mti unanyonya kwa wingi. Ninasimama kabla maganda ya nje hayajaanza kupasuka. Naitrojeni nyingi wakati huo huleta kuoza kwa maganda, ukungu unaingia kwenye mpasuko na vijitawi vya karibu vinakauka.

Ndani kuna boroni kidogo na zinki. Boroni inahitajika ua liweze kushika tunda, ila tofauti ya kutosha na kuzidi ni ndogo sana, na ikizidi mlozi hutoa utomvu unaonata kwenye vijitawi. Kiasi kilichoandikwa ni asilimia 0.02, nami nimekiona kinatosha. Usiongeze nyingine ya pembeni bila kupima majani au udongo.

Kuhusu mfuko wenyewe, nina neno moja la uchungu. Mshono wa juu ukishaufungua haufungiki tena. Mwaka jana niliukunja na kuubana kwa kibanio cha nguo, nikaurudia baada ya wiki tano nikakuta kilo nne zimekuwa jiwe. Nililigonga kwa nyundo juu ya gunia, nikapata vipande na unga. Unga huo hautawanyiki sawasawa, unashika mkononi na kuacha mabaka ya chumvi ardhini. Mtengenezaji anayejua kwamba chenga hizi zinavuta unyevu angeweza kutia mfuko wa ndani wa nailoni.

Na matokeo? Vichipukizi vya juu msimu uliopita vilirefuka zaidi ya nusu mita, majani yana kijani kilichokolea bila kuwa cheusi, na mwaka huu mti mkubwa umenipa lozi zangu za kwanza za kuhesabika: 63. Nilizipasua zote mwenyewe, na zilizokuwa na kiini kilichosinyaa zilikuwa nne tu. Siwezi kuipa mbolea sifa yote, kwa sababu pia naweka mboji kila mwaka, na maganda ya nje yaliyo safi nayarudisha kwenye mboji hiyo. Potasiamu nyingi ya mavuno iko kwenye maganda hayo, na kuyatupa ni kuitupa mbolea uliyokwisha kuinunua.

Nyota nne kwa kilichomo ndani, mbili kwa kilichoandikwa nje. Nitanunua tena kabla ya maua ya msimu ujao, na safari hii chenga zitahamia kwenye ndoo yenye mfuniko siku ileile nitakayoufungua mfuko, kile kikombe chenye alama kikiwa juu yake.