Discovery pale Udvar-Hazy: kuitazama raha, kuipanda hapana

Jumamosi nimeenda Udvar-Hazy, makumbusho ya ndege na vyombo vya anga kule Virginia, Marekani, kiingilio bure ila paking unalipia, na nilifuata Discovery tu, ile shuttle ya NASA iliyokuwa inapeleka watu angani na kurudi. Aisee lile dude ni kubwa! Limeruka mara 39 na hawajalipaka rangi upya, vigae vya tumboni vya kukinga joto bado vina alama za kuungua na kila kimoja kina namba yake, sasa fikiria fundi anavikagua vyote kila safari, ndo maana kulitumia tena hakukuwa rahisi kama walivyoahidi.

Kilichonikera ni dizaini, chombo wamekibandika ubavuni mwa tanki la mafuta, povu linalofunika tanki likibanduka linakigonga, shuttle nyingine, Columbia, 2003 ilipasuliwa bawa hivyohivyo ikasambaratika. Shuttle Challenger 1986 nayo ilisambaratika ikipaa, wale saba waliokuwemo hawakuwa na pa kutokea. Viti vya kumrusha rubani nje wakati wa hatari vilifanya kazi safari nne za mwanzo za shuttle tu, tena vya marubani wawili, wakaongeza watu wakavizima, baadaye wakavitoa. Hapo nawapa sifuri kabisa.

Dragon, chombo cha SpaceX cha kubeba watu siku hizi, inakaa juu ya roketi, ina injini zake za kukimbia hatari na inatumika tena, ila mzigo inabeba kidogo na inadondokea baharini.

Makumbusho nyota 5, chombo 3. Nendeni asubuhi, mchana watoto wamejaa.